Mnada wa mtandaoni utuachie nafasi ya kuunganisha mizigo kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu minada ya mtandaoni, hasa pale sharti la kulipa papo hapo linapogongana na desturi ya kuunganisha mizigo, yaani kutumiwa vitu kadhaa vya muuzaji mmoja katika bahasha moja. Gazeti lako limekuwa likiwahimiza wasomaji wajifunze kununua na kuuza kwa njia ya intaneti, nami ni miongoni mwa walioanza zamani kidogo, si kwa kununua simu wala viatu, bali stempu za posta. Huenda msomaji akacheka kusikia kwamba mzee mzima anakesha akigombea vipande vya karatasi. Acheke tu, lakini kasoro ninayotaka kuieleza huonekana vizuri zaidi katika vitu vidogo vya bei ndogo, kwa sababu huko gharama za kutuma huipita thamani ya kitu chenyewe.

Ninakusanya stempu za Afrika Mashariki: zile za Zanzibar za mwaka 1895, ambazo zilikuwa stempu za India zilizogongwa jina la Zanzibar juu yake; zile za kichwa cha twiga za Tanganyika za mwaka 1922; zile za Zanzibar zilizogongwa neno «Jamhuri» mwaka 1964; na zaidi ya zote, zile zenye majina matatu ya Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi za Mfalme George wa Sita. Hizi za mwisho zina balaa lake. Stempu yenye picha ile ile na rangi ile ile ilichapwa mara kadhaa kati ya mwaka 1938 na 1954, na mara nyingine meno yake ya pembeni yakatoka tofauti. Mkusanyaji huhesabu matundu yanayofanya meno hayo, yaliyomo katika sentimita mbili, na tofauti isiyofika hata tundu moja inaweza kuigeuza stempu ya peni thelathini kuwa stempu ya makumi ya pauni. Nyingi hazionekani tena hapa nyumbani. Ziliondoka na barua zilizozibeba, zikaishia Uingereza katika albamu za watu ambao wazee wao walifanya kazi huku, na leo warithi wao wanazitoa mojamoja na kuzinadi mtandaoni.

Neno «mojamoja» ndilo lenye kisa. Muuzaji mmoja anaweza kuweka stempu mia mbili kwa wiki, kila moja ikiwa na mnada wake, na minada hiyo ikafungwa jioni moja kwa kupishana dakika chache. Saa mbili usiku ya Uingereza wakati wa majira yao ya joto ni saa nne usiku kwetu. Nakaa na daftari, miwani na kikombe cha chai ya tangawizi, naweka dau hapa, napitwa pale, na ikifika saa tano huenda nimeshinda stempu sita za mtu mmoja. Stempu moja haifiki gramu moja. Ikishawekwa katikati ya vipande viwili vya kadi ngumu ndani ya bahasha, mzani wa posta unapima kadi na bahasha tu, na stempu ya pili, ya tatu hata ya ishirini haziongezi uzito wa maana. Ndiyo maana wauzaji wa stempu na wa kadi za posta za zamani wana desturi ya siku nyingi kwamba mnunuzi hulipia gharama kamili ya kutuma kitu cha kwanza, na kila kinachofuata huenda bure au kwa peni chache. Hiyo ndiyo tunayoiita kuunganisha mizigo.

Sasa nieleze yaliyonipata, bila kulitaja soko wala muuzaji, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Nilishinda stempu sita, bei zake zote pamoja zikiwa pauni 9 na peni 80. Muuzaji alikuwa ameandika wazi kwamba kutuma nje ya nchi yake ni pauni 3 na peni 50, na kwamba kila stempu ya ziada ni peni 30. Kwa hesabu ya daftari langu nilitakiwa kulipa pauni 5 za kutuma, jumla pauni 14 na peni 80. Kumbe soko lile lilikuwa limebadili masharti yake: mtu haruhusiwi kuweka dau mpaka aandikishe kadi ya malipo, na mnada ukifungwa, mtambo unakata fedha kwenye kadi hiyo hapo hapo, kwa kila kitu peke yake, pamoja na gharama zake za kutuma. Nilipata ujumbe sita kwenye simu kabla sijavua miwani. Gharama za kutuma peke yake zilikuwa pauni 21, na jumla ikawa pauni 30 na peni 80. Pauni 16 zilizozidi ni zaidi ya shilingi elfu hamsini za kwetu, ukiacha ada ambayo benki yangu hukata kwa kila muamala wa nje, ambayo nayo ilikatwa mara sita.

Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwa adabu kwamba mtambo ulikuwa umekwisha kumtolea maagizo sita, kila moja na anwani yake na kikomo chake cha siku za kutuma, na kwamba akiyachanganya anaogopa kuhesabiwa kuwa hakutuma. Bahasha zikaja sita, kwa siku tano tofauti. Kila moja nilipoichana ilikuwa na kadi mbili, karatasi laini ya kuzuia unyevu, na katikati stempu moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilizipanga mezani, bahasha upande mmoja na stempu upande wa pili, mjukuu wangu akaniuliza, «Babu, umenunua bahasha?» Sikuwa na jibu la kumpa.

Haki inanitaka niseme pia kwa nini masoko yamefika hapa, maana hayakuamka tu asubuhi moja yakaamua kutukomoa. eBay, ambalo ndilo soko linalojulikana zaidi la aina hii, lilianzishwa na Pierre Omidyar huko California mnamo Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb. Miaka ile mshindi alituma hundi au hawala ya posta ndani ya barua, muuzaji akasubiri ifike, akaipeleka benki, akasubiri tena ikubaliwe, ndipo akafunga mzigo. Katika subira hiyo kulikuwa na nafasi tele ya kuunganisha vitu, ingawa kulikuwa pia na nafasi tele ya mnunuzi kutoweka. Mwaka 2002 eBay iliinunua PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa takriban dola bilioni 1.5, na mwaka 2008 ikaacha kuruhusu hundi na hawala kwa mauzo mengi ya Marekani. Kwetu mlango ulifunguka polepole zaidi. Kenya iliona PayPal ikiunganishwa na M-Pesa mwaka 2018, na mwaka 2022 Safaricom na Visa wakaleta kadi ya mtandaoni inayotumia salio la M-Pesa. Malipo yaliyochukua mwezi mzima sasa huchukua sekunde, na wenye masoko wakajiuliza kwa nini muuzaji aendelee kusubiri.

Tena kuna wanunuzi wasiolipa, na katika hilo sitajitoa. Miaka kadhaa iliyopita nilimweka muuzaji mmoja wiki tatu nikimwambia «ngoja, kuna moja nyingine nataka kuigombea», na ile moja nyingine ilipofungwa nikaiona nyingine tena. Hakunitukana, lakini alinikumbusha kwamba mali iliyonadiwa na isiyolipiwa haiwezi kuuzwa kwa mwingine wala haijawa fedha. Aliyewahi kuuza chochote anajua uchungu wa mteja anayesema «niwekee» halafu asionekane. Wapo pia wanaopandisha dau kwa mzaha, wakishinda wananyamaza, na aliyewafuata kwa bei amekwisha kwenda kununua kwingine. Kwa hiyo sipingi kwamba mnunuzi abanwe. Ninachopinga ni kubanwa kwa namna inayomnyima punguzo ambalo muuzaji mwenyewe amelitangaza.

Kwa kadiri ninavyouelewa utaratibu wa eBay wa kawaida, ulikuwa umepata uwiano usio mbaya. Mshindi wa mnada ana siku nne za kulipa, na zikipita muuzaji anaruhusiwa kuyafuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa. Ndani ya siku hizo, aliyeshinda vitu kadhaa vya muuzaji mmoja anaweza kumwomba jumla mpya kabla ya kulipa, naye akamtumia ankara moja yenye gharama moja ya kutuma. Muuzaji anaweza pia kupanga mapema kanuni za punguzo katika akaunti yake ili mtambo ufanye hesabu wenyewe. Sharti ni kwamba mnunuzi asikimbilie kubonyeza kitufe cha kulipa. Akishalipa kitu kimoja kimoja, ankara haibadiliki tena, na kilichobaki ni hisani ya muuzaji kumrudishia sehemu ya fedha. Wageni wengi hawalijui hili. Wanadhani kulipa upesi ndiyo uungwana, kumbe kwa muuzaji aliyeandika «subiri ankara yangu» kulipa upesi ni kuvuruga kazi. Na kwa vitu vya bei iliyopangwa, muuzaji anaweza kudai malipo ya hapo hapo, ambapo kitu hubaki sokoni kwa yeyote mpaka fedha ziingie. Hapo mwenye kutaka kuunganisha inambidi avikusanye vyote kwenye kikapu kimoja ndipo alipe mara moja.

Kikapu hicho ndicho kinachokosekana pale ambapo mnada wenyewe unakata kadi. Huwezi kukusanya kikapuni kitu ambacho hujui kama utakishinda, na unapokishinda kimekwisha kulipiwa. Ni shida ya hesabu, wala haihusu tabia ya mtu. Katika duka la bei moja, mnunuzi anajua anachukua nini kabla ya kufika kwa mhasibu. Katika mnada anajua baada ya nyundo kugonga, tena kwa vitu sita anajua mara sita kwa nyakati sita. Ni hadi nyundo ya mwisho igonge ndipo anapoweza kusema, «Basi, hivi ndivyo vyangu, nifungie pamoja.» Minada ya zamani ya kwa barua ililijua hilo. Muuzaji alituma orodha iliyochapwa, sisi tukatuma dau zetu kwa posta, na baada ya mnada wote kwisha kila mshindi alipata ankara moja. Nyumba za mnada zenye kuta na viti hufanya hivyo hadi leo.

Wapo wanaoshuku kwamba masoko hayana haraka ya kurekebisha jambo hili kwa sababu yanafaidika nalo, na shaka yao haitoki hewani. Kwa muda mrefu eBay imekuwa ikikokotoa kamisheni ya muuzaji wa kibiashara juu ya jumla yote anayolipa mnunuzi, gharama za kutuma zikiwemo. Ila chanzo chake kilikuwa ujanja wa wauzaji wenyewe, waliouza kitu kwa senti moja na kutoza dola ishirini za kutuma ili kamisheni ihesabiwe juu ya ile senti. Dawa ilitolewa kwa ugonjwa wa kweli. Hata hivyo, pale kamisheni inapohesabiwa hivyo, gharama za kutuma zikirudiwa mara sita kamisheni nayo inarudiwa, na anayezirudia si muuzaji mjanja tena bali ni mtambo wa soko.

Nashangaa zaidi kwa sababu dawa nyingine ipo, na msomaji yeyote wa gazeti hili anaijua. Fungua kurasa za matangazo. Nyumba au kiwanja kinaponadiwa, tangazo husema kwa maneno ambayo karibu tumeyakariri kwamba mnunuzi atalipa asilimia 25 papo hapo baada ya nyundo kugonga na salio ndani ya siku 14. Ile robo inamfunga mshindi. Akitoroka, anaiacha. Naye aliyeweka robo hana sababu ya kutoroka, na siku alizopewa zinamtosha kupanga mambo yake. Soko la mtandaoni lenye kadi yangu tayari mkononi linashindwa nini kukata robo ya bei ya kila stempu niliyoshinda, likanipa siku saba tangu mnada wa kwanza kufungwa, kisha siku ya saba likanitolea ankara moja ya robo tatu zilizobaki pamoja na gharama moja ya kutuma? Muuzaji atakuwa na dhamana, mimi nitakuwa na bahasha moja, na mtambo unaoweza kukata kadi mara sita kwa dakika moja hautashindwa kujumlisha.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wangeelewa haraka kuliko yeyote. Anayeagiza bidhaa Guangzhou, China, hununua mikoba duka hili, vitasa vya milango duka lile, na taa kwingine, vyote vikapelekwa ghala la wakala, vikapimwa kwa ukubwa wa mita za ujazo na kuingia kontena moja pamoja na mizigo ya wengine. Wenye maduka wanalipwa kwa siku tofauti, lakini hakuna anayemlazimisha mteja apakie kila katoni katika meli yake. Malipo yana ratiba yake na usafiri una ratiba yake. Minada ya Japani nayo ina mawakala wanaomnunulia mgeni, wakamhifadhia vitu ghalani kwa siku kadhaa na kumfungia sanduku moja. Kwa hiyo aliye mbali anaweza kupata nafuu kwa kumlipa mtu wa kati, lakini kwa stempu ya pauni moja ujira wa mtu wa kati unarudisha hasara ile ile niliyokuwa naikimbia.

Kuunganisha nako kuna hatari yake: bahasha moja ikipotea, zote sita zimepotea. Lakini kwa pauni 21 nilizolipa, muuzaji angeweza kutuma bahasha moja kwa rejista, yenye namba ya kufuatilia na kusainiwa inapopokelewa, na bado chenji ingebaki. Zile sita zilikuja bila rejista, kwa sababu kusajili kila moja kungegharimu kuliko stempu iliyomo. Na kila moja ilikuwa na kibandiko chake cha forodha cha CN22, kilichojazwa kwa mkono, kikieleza mara sita kwamba ndani kuna stempu moja ya zamani.

Kwa wenzetu wa hapa nyumbani wanaoendesha minada katika makundi ya WhatsApp na Instagram, nina ombi dogo. Mnaweka picha ya kitu, mnataja saa ya kufunga, watu wanapandisha dau kwa maoni, na mwisho mnaandika «usafiri juu ya mteja». Andikeni kabla ya dau la kwanza kwamba malipo ni ya muda gani, kwamba aliyeshinda vitu viwili atatumiwa kwa bodaboda moja au kifurushi kimoja cha basi, na kwamba itamgharimu kiasi gani. Mteja wa Singida anayeshinda vitabu vitatu kutoka Dar es Salaam hapaswi kujua gharama ya usafiri baada ya kutuma fedha.

Narudi kwa muuzaji wangu wa Uingereza, kwa sababu kisa chetu hakijaisha. Mwezi uliopita aliniandikia barua pepe akisema naye amechoshwa na maagizo mojamoja, na kwamba kama nikitaka atakuwa ananitumia orodha kila mwisho wa mwezi, nichague, nilipe kwa mkupuo, moja kwa moja kwake, naye atume bahasha moja ya rejista. Kwa bei ni nafuu kwangu na kwake. Lakini masoko haya yanakataza wanachama wake kuhamishia biashara nje, na huko nje hakuna wa kunirudishia fedha bahasha isipofika au stempu ikiwa ya bandia. Sharti lililowekwa ili malipo yawe salama linatusukuma sisi wawili, watu wazima tuliofanya biashara kwa miaka bila ugomvi, tukauziane mahali pasipo na ulinzi wowote. Ile barua pepe ninayo bado, na sijaijibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Tanga